Waya wa Tatu

Mtoi aliyenifanya nianze kusoma historia ana miaka saba. Ni mpwa wangu. Jumamosi moja asubuhi alikuwa amesimama pekupeku kwenye sakafu ya simenti ya kinyozi ya binamu yangu, huko Umoja, akisubiri nimalize kufunga vitufe kwenye kabati la gemu ambalo nimekuwa nikilijenga kwa miezi mitatu. Akashika bamba la chuma la mlango wa sarafu, akautoa mkono haraka.

"Anko, hii kitu inaning'ata."

Nilimwambia ni baridi ya asubuhi. Kisha nikalishika mwenyewe, kwa mgongo wa vidole, nikausikia: mtetemo mdogo, kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Nikachomoa plagi ukutani na kwenda kumtafuta fundi wa stima anayeishi ploti ya nyuma.

Fundi alikuja na mita yake, akafungua soketi. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Pale panapofaa kufungwa waya wa tatu, ule wa ardhi, skrubu ilikuwa imekaa peke yake, inang'aa, haijawahi kuguswa.

"Kijana," akasema, "hii shimo ya juu ni ya urembo tu."

Hapo ndipo nilipotoa daftari langu la mipango, na nikaona aibu. Orodha ya gemu: kurasa tatu. Rangi na michoro ya ubavuni: kurasa mbili. Mpango wa umeme: mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika, "Stima: chomeka."

Si mimi pekee. Vitabu na filamu nyingi kuhusu historia ya gemu za video huandikwa hivyo hivyo. Utaambiwa nani alibuni mchezo, nani alichora mhusika, sarafu ngapi ziliingia. Umeme unachukuliwa kama hewa. Lakini nilipoanza kuupanga upya umeme wa kabati langu, mstari kwa mstari, kila mstari uliniambia kuwa kuna mtu aliwahi kukwama hapo kabla yangu. Hii ni historia ya mahali hapo pa kukwama.

Betri kwanza

Wengi wetu tulikutana na gemu kwenye vibanda vya mtaani, konsoli imeunganishwa na TV, unalipa kwa dakika au kwa mechi. Kabati la gemu ni babu wa kibanda hicho: sanduku la mbao lenye kimo cha mtu, skrini imelazwa kidogo, kijiti na vitufe mbele yako, na chini tundu la kutumbukiza sarafu. Nalo kabati lina babu yake, yaani meza ya gololi ya chuma inayochezwa chini ya kioo.

Meza hizo mwanzoni hazikuwa na umeme kabisa. Uliisukuma gololi kwa springi, ukaomba Mungu. Mwaka 1933, huko California, Harry Williams alitoa mchezo ulioitwa Contact, ambamo gololi ikianguka kwenye shimo fulani, umeme uliirusha nje tena. Umeme huo ulitoka kwenye betri kavu zilizofichwa ndani ya meza. Wenye baa na maduka walipenda msisimko, lakini betri zikiisha katikati ya Jumamosi, mchezo unakufa na mteja anaondoka. Haikuchukua miaka mingi kabla meza hizo kuanza kuchomekwa ukutani kupitia transfoma.

Tangu siku hiyo, mwenye mashine ya sarafu amekuwa na jirani ambaye hakumchagua: umeme wa ukutani, wenye nguvu ya kutosha kuua, umekaa nusu mita kutoka kwa mkono wa mtoto.

Mtu wa waya

Mwaka 1971 kampuni ya Nutting Associates ilitoa Computer Space, gemu ya kwanza ya video ya kutumbukiza sarafu kutengenezwa kwa biashara kubwa. Walioibuni ni wawili, Nolan Bushnell na Ted Dabney, waliokutana wakifanya kazi katika kampuni ya Ampex, California. Mwaka 1972 wakaanzisha Atari. Bushnell alikuwa na maneno na ndoto. Dabney alikuwa amejifunza elektroniki akiwa mwanajeshi wa Marines, na kazi yake ilianzia pale ambapo umeme unageuka kuwa kitu: namna ya kuisogeza nukta kwenye skrini ya TV, pawa saplai, sauti, hata kabati la mbao la majaribio.

Skrini yao ilikuwa TV ya kawaida ya General Electric, nyeusi na nyeupe. Al Alcorn alipotengeneza Pong mwaka 1972, naye alikwenda dukani akanunua TV ya Hitachi na kuifunga ndani ya sanduku la mbao. Hilo sanduku ndilo lililowekwa kwenye baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale, na siku chache baadaye likapigiwa simu kwamba limeharibika. Kisa hiki kinapendwa sana: Alcorn alifungua akakuta hakuna kilichoungua, ila sarafu zimejaa hadi zimeziba njia.

Ninakipenda pia. Lakini sasa nasikia kitu kingine ndani yake. TV ya dukani ndani ya sanduku la sarafu si jambo dogo. Ili kupunguza gharama, TV nyingi za zamani hazikuwa na transfoma ya kuingilia. Fremu ya chuma ya ndani iliunganishwa moja kwa moja na upande mmoja wa umeme wa ukutani. Sebuleni hilo halikuwa tatizo, kwa sababu ganda lote ni mbao au plastiki na vishikio ni plastiki. Ukiitoa TV kwenye ganda lake na kuiunganisha na bodi ya mchezo, umeme wa ukutani unapata njia mpya: kutoka fremu ya TV, kupitia waya wa picha, hadi kwenye bodi, hadi kwenye kijiti, hadi kwenye mlango wa chuma wa sarafu.

Dawa yake ni kifaa kizito na kisicho na sifa yoyote: transfoma ya kutenganisha. Ndani yake kuna koili mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Nguvu inapita kwa sumaku, kama majirani wanaopitishiana chumvi juu ya ukuta bila yeyote kuingia kwa mwenzake. Ukifungua makabati ya miaka ya 1970 na 1980 utaikuta chini kabisa, imepigwa skrubu kwenye ubao, imejaa vumbi. Hakuna mchezaji aliyewahi kuiona. Kazi yake ilikuwa ni kuhakikisha hana sababu ya kuiona.

Dabney aliondoka Atari mwaka 1973. Kwa miongo kadhaa hadithi ya kampuni hiyo ilisimuliwa mara nyingi kana kwamba mwanzilishi alikuwa mmoja tu. Alifariki mwaka 2018, miaka michache baada ya watafiti na mashabiki kuanza kumtafuta na kumsikiliza. Sishangai. Mtu wa waya akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina hadithi.

Volti tano, si nne na nusu

Computer Space na Pong hazikuwa na prosesa wala programu. Ubongo wao ulikuwa makumi ya chipu ndogo za familia iitwayo TTL, na chipu hizo zilikuwa na tabia moja ya kifalme: zilitaka volti 5. Ruhusa yao ilikuwa kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo zinaanza kusahau zinachofanya. Juu sana ya hapo zinaungua.

Unaweza kudhani kupata volti 5 ni rahisi. Kupata ni rahisi, kufikisha ndiyo kazi. Waya wowote una ukinzani, hata kama ni mdogo, na umeme mwingi ukipita, volti zinapotea njiani kama maji kwenye mfereji wenye nyufa. Pawa saplai inatoa 5 kamili, bodi inapokea 4.7, gemu inagoma, na wewe unalaumu gemu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Atari walikuwa na jibu la kuvutia. Mbali na nyaya nene za kupeleka umeme, waliongeza nyaya mbili nyembamba za kurudi. Kazi yake ilikuwa kuupima umeme ulipofika kwenye bodi na kurudisha habari. Ikifika 4.8, pawa saplai inasukuma zaidi hadi ifike 5. Ni kama mwenye lori kumpigia simu mteja kila safari kumuuliza amepokea magunia mangapi.

Poa sana, mpaka viunganishi viingie kutu. Kutu ikizidi, volti nyingi zinapotea palepale kwenye kiunganishi, pawa saplai inasikia malalamiko, inasukuma zaidi, na kiunganishi kinapata joto zaidi. Wanaokarabati mashine hizo leo wanayajua vizuri meno ya kiunganishi yaliyogeuka rangi ya makaa. Mfumo ulikuwa unatibu dalili huku ugonjwa unakula.

Mstari huu wa mpango wangu ulikuwa na jibu la siku hizi, au nilidhani hivyo. Kabati langu linatumia Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya ATM ambayo ya kwanza ilitoka Februari 2012. Nayo inataka volti 5, na zikishuka chini ya 4.63 inaonyesha alama ya radi pembeni mwa skrini. Nilikuwa nimeifunga kwa kebo nyembamba ya chaja ya simu, ndefu, ya bei ya chini. Fanya hesabu: ampea 3 zikipita kwenye kebo yenye ukinzani wa omu 0.2, volti 0.6 zinabaki njiani. Hesabu ni ileile ya 1972. Ndiyo maana pawa saplai rasmi ya Pi imeandikwa 5.1 badala ya 5: ile nukta moja ni chakula cha kebo.

Mashine inayosahau

Tarehe 13 Novemba 1982, katika jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 15 aitwaye Scott Safran alisimama mbele ya kabati la Asteroids na kuanza kucheza mchezo ambao ulimfikisha alama 41,336,440. Hakuna aliyezipita hadi mwaka 2010, na Safran mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1989.

Mambo mawili kuhusu mashine hiyo yananikaa akilini. La kwanza, haikuweza hata kuionyesha namba hiyo. Ikifika 99,990 inarudi sifuri na kuanza upya, hivyo ilibidi watu wahesabu mizunguko. La pili, Asteroids, iliyotoka mwaka 1979, ilikuruhusu uandike herufi tatu za jina lako kwenye orodha ya mabingwa, lakini orodha hiyo iliishi kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme. Mwenye baa akizima usiku, asubuhi majina yote yamefutika. Rekodi ya Safran ilibaki kwa sababu watu waliiandika, si kwa sababu mashine ilikumbuka.

Nani hapa hajui uchungu huo? Tumekulia kwenye nchi ambayo tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na taa zikazimika nchi nzima. Tumbili alipona. Waliokuwa nusu fainali ya FIFA kwenye kibanda hawakupona.

Watengenezaji walijaribu njia mbili. Kampuni ya Williams, katika Defender ya mwaka 1981, iliweka betri tatu ndogo za saizi AA kwenye bodi, ili chipu moja iendelee kukumbuka mabingwa hata mashine ikiwa imezimwa. Wazo zuri, mpaka mtu asahau kuzibadilisha. Betri ikizeeka inavuja, na maji yake yanakula njia za shaba za bodi. Mashine nyingi ziliuawa na kile kile kilichowekwa ziwe na kumbukumbu. Atari walitumia njia ya pili kwenye Centipede ya mwaka huohuo: chipu ambayo inaandikwa na kufutwa kwa umeme lakini haihitaji umeme ili kukumbuka. Ilihifadhi mabingwa watatu wa juu. Wa nne kwenda chini walikuwa wa leo tu.

Sasa turudi Umoja. Raspberry Pi inahifadhi kila kitu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu. Kadi hiyo inakumbuka bila umeme. Lakini stima ikipotea wakati inaandika, inaweza kuharibika vibaya, na hapo hupotezi orodha ya mabingwa tu, unapoteza mfumo mzima. Miaka arobaini imepita na tatizo limegeuza shati tu. Kwa hivyo kwenye mpango niliandika: betri. Kama Harry Williams mwaka 1933, ila sasa betri si ya kuendesha mchezo, ni ya kuupa muda wa kuaga.

Hamsini au sitini

Kuna jambo ambalo wanaoagiza mashine kutoka ng'ambo hujifunza kwa gharama. Volti si kitu pekee kinachotofautiana. Kasi ya umeme kugeuka pia inatofautiana. Marekani ni volti 120, mara 60 kwa sekunde. Kenya ni 240, mara 50. Japani ni volti 100, na hapo kuna kichekesho cha historia: mwaka 1895 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani za 50, mwaka uliofuata Osaka ikanunua za Marekani za 60, na hadi leo nchi imegawanyika katikati. Kampuni zilizoipa dunia Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980 zilikuwa zinauza mashine katika nchi yenye umeme wa aina mbili.

Transfoma iliyokatwa kwa kipimo cha 60 tu, ukiichomeka kwenye 50, inapata joto na kunguruma hata kama volti zake umezisawazisha. Ndiyo maana watengenezaji wenye akili waliweka transfoma kubwa kidogo kuliko lazima, yenye matoleo kadhaa. Ndani ya makabati ya Atari kulikuwa na plagi ndogo ya kuchagua: 100, 120, 220, 240. Mtu mmoja aliyekaa mezani California alikuwa ameshafikiria nchi ambazo hatazitembelea.

Nyaya za ndani, hata hivyo, ziliendelea kuwa vurugu kwa miaka. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, na kubadilisha gemu kulimaanisha kusuka nyaya upya. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani, JAMMA, kilikubaliana kiunganishi kimoja chenye meno 56: haya ya volti 5, haya ya 12, haya ya hasi 5, haya ya kijiti, haya ya vitufe. Baada ya hapo mwenye ukumbi angeweza kutoa bodi ya zamani na kuingiza mpya ndani ya dakika chache, kabati likabaki lilelile. Hiyo ilibadilisha biashara kuliko gemu nyingi tunazozitaja kwa majina. Makubaliano tu kuhusu waya upi ukae wapi.

Kilichomng'ata mtoto

Pawa saplai za zamani zilifanya kazi kwa kupoteza. Ukitaka volti 5 kutoka kwenye 8, kwa ampea 5, wati 15 zinageuka joto tupu. Ndiyo maana makabati yale yalikuwa na matundu nyuma na yalinuka vumbi lililopikwa.

Njia nyingine ilikuwepo, ya kuukata umeme vipande vidogo maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikatwa haraka hivyo, transfoma inaweza kuwa ndogo kama kiberiti na joto linapungua sana. Mwaka 1977 Rod Holt, aliyepitia Atari, aliiweka njia hiyo ndani ya kompyuta ya Apple II, na miaka iliyofuata ikashuka bei na kuingia kila mahali, pamoja na makabati ya gemu. Chaja ya simu iliyo karibu nawe sasa hivi inafanya kazi hivyo.

Lakini kukatakata kunaleta kelele ya umeme, na kelele hiyo inasumbua redio na vifaa vingine. Kwa hivyo pawa saplai za kompyuta zina kapasita ndogo zinazoisukuma kelele kwenye ganda la chuma, ganda linaunganishwa na waya wa tatu, na waya wa tatu unaipeleka ardhini. Mhandisi aliyechora mpango huo aliamini jambo moja: kwamba waya wa tatu upo.

Mimi nilikuwa nimenunua pawa saplai kuukuu ya kompyuta kule Luthuli Avenue, nikaifunga ndani ya kabati, ganda lake likigusa bamba la mlango wa sarafu. Soketi haikuwa na ardhi. Kelele haikuwa na pa kwenda, na ganda lote likapanda hadi karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno, haukuweza kumuua mpwa wangu. Lakini fundi alinieleza kile kilichonikosesha usingizi. "Hiyo ilikuwa salamu tu. Siku waya wa laivu utachomoka huko ndani ukiguse hicho chuma, fyuzi haitakatika, kwa sababu stima haina njia ya kurudi. Itakaa hapo ikingoja mtu."

Pekupeku, kwenye simenti.

Mpango mpya

Hesabu yangu sasa ni hii. Skrini ya inchi 19, wati 24. Raspberry Pi, wati 15 ikifanya kazi ngumu. Spika na amplifaya, 10. Taa za LED za juu, 5. Jumla ni wati 54. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 4 na nusu. Ongeza theluthi ya akiba, nunua adapta ya ampea 6. Nilitafuta yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani ina kinga mbili na haitegemei waya wa ardhi, na inakaa nje ya kabati, juu ukutani. Ndani ya sanduku langu hakuingii tena umeme wa 240. Kinachoingia ni volti 12, na kifaa kidogo kinazishusha hadi 5.1 kando kabisa ya Pi, kwa waya mfupi na mnene.

Betri ni ya volti 12, ampea-saa 18, aina iliyofungwa. Ukitumia nusu tu ili isizeeke haraka, kabati zima linapata kama saa mbili. Fyuzi ya gari ya ampea 7.5 inakaa karibu kabisa na mdomo wa betri, kwa sababu betri haina breka.

Na plagi. Plagi zetu za meno matatu ni urithi wa Uingereza wa mwaka 1947, zikiwa na fyuzi ndani ya kila moja. Wengi wetu hatujawahi kuifungua. Yangu ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo inaweza kuuacha waya mwembamba uwake moto bila kukatika. Fundi aliitoa akaweka ya 3.

Waya wa tatu ulichukua muda zaidi. Landilodi alisema soketi zimefanya kazi miaka yote. Fundi hakubishana. Alimwomba aje kinyozi, akamwekea mita mbele, akamwonyesha soketi sita moja baada ya nyingine. Wiki iliyofuata nguzo ya shaba ilipigwa nyundo ardhini nyuma ya ploti. Nikadhani tumemaliza. "Nguzo peke yake haitoshi," fundi akaniambia. "Udongo una ukinzani. Stima itapita, lakini kidogo, breka haitashtuka." Akafunga swichi inayopima umeme unaotoka na unaorudi, tofauti ikifika miliampea 30, inakata yenyewe. Sasa hata mashine za kunyolea zinalindwa, nazo hazijui lolote kuhusu gemu.

Mpwa wangu alirudi Jumamosi iliyopita. Alilikaribia bamba kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu chai. Akaliacha. Akalishika kwa kiganja chote. Halafu akasahau kabisa, akaanza kulilia kijiti.

Fundi hakucheza. Alizunguka nyuma, akachungulia, akavuta kila kiunganishi kidogo kwa vidole viwili kuona kama kimeshika. Baadaye, watu walipoondoka, nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika upande wa ndani wa mlango wa nyuma, mahali ambapo atakayelifungua kabati hili siku moja ataona: volti 12 tu, chanya katikati; fyuzi 7.5 kwenye betri, 3 kwenye plagi; ardhi imepimwa mwezi huu. Chini yake nikaandika jina lake kamili na kazi aliyoifanya.